Ulimi Si Pambo

Baba yangu mdogo alikuwa mshenga. Katika vijiji vyetu vya Karagwe, na kule Kyerwa kabla haijawa wilaya yake yenyewe mwaka 2012, watu walimfuata awapelekee posa kwa sababu alijua kusema. Kisha akatokwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Alikitia dawa za majani miezi kadhaa, na kiko hakuacha. Alipopelekwa hospitali ya mbali ilionekana ni saratani; wakakata nusu ya ulimi. Aliporudi, uji ulimpalia, mate yalimtiririka, na Kinyambo chake akawa anakielewa mkewe peke yake.

Nilimwuliza daktari kama ulimi ungeweza kutengenezwa. Akanijibu, "Mzee, shukuruni kwamba yu hai. Hayo mengine ni mapambo."

Ndugu msomaji, neno hilo nalikataa. Kushukuru tulishukuru. Lakini chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni huua, na njaa nayo huua. Kurudisha ulimi ni sehemu ya kuokoa uhai.

Wala si miujiza. Mpasuaji huchukua ngozi ya mkono, chini ya kiwiko, pamoja na mishipa yake ya damu, akaishonea palipokatwa na kuiunga mishipa hiyo na ya shingoni kwa msaada wa darubini. Pasipo darubini, ipo njia ya msuli wa kifua, iliyoelezwa tangu 1979: msuli hupandishwa hadi kinywani ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake. Nyama hiyo haionji wala haijongei yenyewe, ila huziba pengo, ulimi uliobaki ukapata pa kuegemea. Kisha mgonjwa hufundishwa upya kumeza na kutamka.

Wataniambia nchi ni maskini. Najua. Basi tuanze na swali lisilo na gharama: kabla ya kisu, mgonjwa aambiwe nani ataziba pengo na nani atamfundisha kumeza. Nasi wa Kayanga, Nyakahanga na Isingiro, kidonda cha ulimi kikizidi wiki 3 tukipeleke hospitali. Kinachowahiwa hukatwa kidogo.

Posa ya binti yake mwenyewe ilipokuja, aliyejibu kwa niaba ya nyumba alikuwa mtu mwingine. Baba mdogo alikaa pembeni, leso mdomoni. Asiniambie mtu kwamba alichokosa siku ile ni pambo.