Simu ya mtumba haina kosa

Mwandishi wa safu ya juma lililopita anasema anayenunua simu ya mtumba Kariakoo ananunua matatizo, heri mpya hata ya bei ya kutupa. Sikubaliani naye hata kidogo. Hizo mpya za bei ya kutupa ndizo mara nyingi zinazoganda mapema, na spea zake fundi hana. Mtumba unakaguliwa. Bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ujue kama simu ni halali. Tangu Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia Juni 2016, hatua hiyo hairukwi. Weka laini upige, chomeka chaja, jaribu kamera. Akaunti ya mmiliki wa awali iondolewe mbele yako. Dai risiti. Muuzaji akikukunjia uso, nenda duka la pili.