Msimamizi wa Mirathi Hakupewa Zawadi, Amepewa Amana

Leo tunaweka kando mapishi na mishono, maana kuna jambo linatukera sisi wanawake wa Kariakoo.

Mtu akifa hapa mjini, arubaini haijafika watu washaanza kupiga hesabu ya fremu. Kikao cha ukoo kinamteua kaka mkubwa au baba mdogo, mahakama inampa barua ya usimamizi, na kuanzia siku hiyo kodi ya wapangaji ni yake. Mjane akiuliza, anaambiwa ana tamaa na anavunja undugu.

Tuseme wazi: kuuliza si utovu wa adabu. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Basi. Kama barua imetoka Mahakama ya Mwanzo, kanuni za mwaka 1971 zinamtaka ndani ya miezi 4 apeleke Fomu Namba 5, yenye orodha kamili ya mali na madeni. Kisha ipo Fomu Namba 6, ya hesabu. Mahakama za juu, kwa Sheria ya Mirathi Sura ya 352, zinampa miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Akitaka muda zaidi, aombe mahakamani. Asipotimiza, mrithi ana haki ya kuomba uteuzi wake ufutwe.

Wapo wanaosema Waislamu hatupelekani mahakamani. Lakini Sura An-Nisaa, aya ya 6, inamwamuru anayemkabidhi yatima mali yake aweke mashahidi. Aya ya 10 inawaonya kwa moto wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Aya ya 12 imempa mjane robo, au thumni mume akiacha watoto, baada ya wasia na deni. Hatujaona panaposema asubiri mpaka shemeji apate nafasi.

Subira ni ibada, ila kunyamazia dhulma si subira. Anayewafundisha wajane kunyamaza anamlinda mla amana.

Kwa hiyo dada, nenda mahakama iliyotoa barua ukiwa na namba ya shauri la mirathi, uombe kuona orodha na hesabu. Kama hazimo kwenye jalada na muda umepita, andika barua siku hiyo hiyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Msimamizi mwaminifu hatachukia. Atakayechukia, mmeshamjua.