Kikishabonyea, Nani Anakirudisha?

Aprili 2024, kesi ikiwa mlangoni kusikilizwa, kampuni ya Tesla ilimalizana nje ya mahakama na familia ya dereva aliyefariki Machi 23, 2018 huko Mountain View, California. Kiasi kilicholipwa kikawekwa siri. Tangu hapo mjadala ni uleule. Gari linaweza kujiendesha au haliwezi? Jina la Autopilot, mfumo wa Tesla wa kumsaidia dereva, linawadanganya wateja? Dereva alikuwa anacheza gemu kwenye simu? Maswali mazuri yote, na kila mwenye kalamu ameshayajibu mara mbili tatu. Lakini palikuwa na kitu kingine barabarani asubuhi ile, mbele ya ukuta wa zege, kimekunjika na hakina nguvu tena. Karibu kila anayeandika habari hii hukipa sentensi moja, kisha hurudi kwenye kompyuta zake. Mimi naona kitu hicho ndicho kesi yenyewe.

Pale barabara kuu ya 101 inapoachana na ile ya 85, katikati ya mgawanyiko panaanza ukuta wa zege, na ncha yake inawakabili madereva uso kwa uso. Mahali kama hapo ndipo watu hukosea: anayeghairi kwenda kushoto dakika ya mwisho, aliyesinzia, aliyepofushwa na jua. Ndiyo maana mbele ya ncha ile kuliwekwa kizuizi kinachokunjika. Ni fremu za chuma zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na ndani yake mna silinda ya haidroliki na kamba ya waya. Gari likigonga, fremu zinasukumwa nyuma, silinda inakaza, na mwendo unaisha kidogo kidogo badala ya kuisha ghafla.

Machi 12, gari aina ya Toyota Prius lilikigonga kizuizi hicho. Dereva wake alitoka hai. Mpaka hapo hakuna cha kulaumu: mbunifu alipiga hesabu sawasawa, chuma kikatii, mtu akarudi kwao. Kisha kizuizi kikabaki vilevile, kimejikunja mbele ya ukuta, kwa siku 11. Siku ya 11 ikaja Tesla Model X kwa kasi ya kilomita 114 hivi kwa saa, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kubonyea isipokuwa pua yake yenyewe.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, iligawa lawama mwaka 2020. Mfumo wa gari uliliongoza gari kwenye eneo lisilo njia. Dereva hakuwa makini, yaelekea kwa sababu ya gemu ile. Hayo yakabeba vichwa vya habari. Lakini bodi ilisema jambo jingine bila kumung'unya maneno: kama kizuizi kingekuwa kimetengenezwa kwa wakati, inaelekea sana kwamba dereva angepona. Pamoja na gemu yake. Pamoja na kompyuta iliyopotea njia. Polisi wa barabara kuu, waliofika kwenye ajali ya kwanza, hawakuiarifu idara ya barabara ya jimbo, Caltrans, kama walivyopaswa.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa likisimama ndani ya mita 6, mwili wa aliyemo unabeba kwa wastani mzigo wa mara sita na nusu ya uzito wake. Atapata michubuko, pengine mbavu mbili tatu, lakini atasimulia. Likisimama ndani ya sentimita 60, mzigo unapanda mara kumi, unafika 65. Taratibu za upimaji wa vizuizi huko Marekani, zinazojulikana kwa kifupi cha MASH, zinataka mzigo usizidi mara 20 hivi. Kwa hiyo tunapozungumzia vizuizi vya aina hii, tunazungumzia mita. Zile mita chache mbele ya ukuta ndizo bidhaa iliyonunuliwa. Prius ilizitumia. Hazikurudishwa.

Wazo hili si geni. John Fitch, dereva wa mbio wa Marekani, alikuwa mwenza wa Pierre Levegh kwenye gari la Mercedes huko Le Mans mwaka 1955, siku gari hilo liliporuka na kuua watazamaji zaidi ya 80 pamoja na Levegh mwenyewe. Miaka ya baadaye Fitch alibuni mapipa ya plastiki yenye mchanga: mepesi mbele, mazito nyuma, gari linayapasua na kila pipa linachukua sehemu ya mwendo. Aliyajaribu kwa kuyaendea mwenyewe kwa gari. Na tazama mapipa yale: baada ya ajali hakuna anayeweza kujidanganya. Mchanga umetapakaa lami nzima, plastiki imepasuka, hakuna ulinzi. Kila mpita njia anaona. Vizuizi vya chuma vya leo vina akili zaidi, lakini kimoja kikijikunja bado kinaonekana ni kitu, bado kipo mahali pake, na mpita njia asiyejua atadhani kinamlinda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofikiri dawa ni ubunifu zaidi.

Kizuizi kinachokunjika hufanya kazi kwa kuharibika. Ni kama njiti ya kiberiti: kuijaribu ndiko kuimaliza. Sasa soma taratibu za upimaji, ziwe MASH ya Marekani au EN 1317 ya Ulaya. Zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa: uzito wa gari, kasi, pembe ya mgongano, mahali vipande vinapoangukia, jinsi mwili wa aliyemo unavyotikiswa. Kizuizi kinaletwa kipya, kimefungwa boliti zote, kwenye uwanja safi. Gari linavutwa kwa kamba, linagonga, kamera zinapiga picha, wataalamu wanapima, cheti kinatolewa. Kisha uwanja unafagiwa. Hakuna anayesubiri siku 11 na kuleta gari la pili.

Maana yake cheti kinathibitisha mgongano mmoja tu, ule wa kwanza. Kuanzia hapo hadi fundi atakapofika, barabara haina kizuizi kilichothibitishwa. Muda huo, uwe saa 3 au miezi 3, haumo kwenye mchoro, haumo kwenye kipimo, na mara nyingi haumo hata kwenye bei. Mbunifu husema kazi yake imekwisha. Mnunuzi husema alinunua kilichopita mtihani. Anayetengeneza barabara husema hakupewa taarifa. Kila mmoja ana karatasi yake, na zote ni sahihi.

Mimi nasema muda wa kukirudisha ni sehemu ya kizuizi, sawa na silinda na kamba ya waya. Kizuizi kinachofyonza mgongano vizuri mno lakini kinasubiri kipuri kutoka bara jingine kwa miezi minne ni kizuizi kibovu kwa miezi minne. Kingine cha kawaida tu, ambacho mafundi wawili wenye lori na mnyororo wanakivuta kikarudi asubuhi moja, ni bora kuliko hicho, hata kama kwenye uwanja wa majaribio kilipata alama za chini. Na kinachouma zaidi katika kisa cha Mountain View ni kwamba aina ya kizuizi iliyokuwa pale ilibuniwa hasa kwa ajili hiyo: kivutwe, kibadilishiwe vitu vichache, kirudi kazini upesi. Mbunifu alikuwa amelifikiria swali langu kabla yangu. Jibu lake likafungiwa katika ofisi zisizosemezana.

Nawapa wapinzani nafasi yao. Wapo wasemao ukuta wa zege mtupu hauhitaji matengenezo. Kweli; kaburi nalo halihitaji. Wapo wasemao madereva wajifunze kuendesha. Wajifunze, lakini Prius ya Machi 12 ilikuwa na mtu kwenye usukani, na barabara inayoua kila anayekosea itaua wengi. Wapo wasemao kufunga njia kila siku kwa matengenezo kunaleta foleni. Kunaleta. Na wapo wenye hoja nzito kidogo, kwamba magari yamebadilika: Chuo Kikuu cha Nebraska kiliposukuma pikapu ya umeme aina ya Rivian R1T, yenye zaidi ya tani 3, kwenye kingo za kawaida za chuma kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa, ilizichana na kupita. Kingo hizo hupimwa kwa pikapu ya kilo 2,270. Basi na zibuniwe imara zaidi, sina ugomvi. Lakini kizuizi kipya cha tani 3 kikishagongwa nacho kitakuwa kimekwisha, na tutarudi palepale.

Kuna wanaoniambia kwamba tatizo ni taarifa tu: nchi kubwa, barabara ndefu, ofisi haiwezi kujua kila chuma kilichopinda. Hapa uvumilivu wangu unaisha. Huko Tennessee, mwaka 2016, msichana wa miaka 17 alikufa baada ya gari lake kugonga ncha ya kingo za chuma kwenye barabara kuu ya I-75. Ncha ile haikubonyea. Iliingia ndani ya gari. Ilikuwa ya aina ambayo jimbo lenyewe lilikuwa limeiondoa kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa siku chache tu kabla. Miezi michache baadaye idara ya barabara ilimtumia marehemu ankara: dola 2,970, gharama ya kingo alizoziharibu. Idara ikasema baadaye kwamba ilikuwa makosa, ikaomba radhi. Naamini. Lakini ankara haijitumi. Mtu alijua ni kingo ipi, kilomita ipi, siku ipi, iliharibika kiasi gani na bei yake ni ngapi. Taarifa ilipita kwenye meza zote bila kupotea njiani kwa sababu mwisho wake palikuwa na pesa ya kudai. Basi tusiambiwe ofisi haziwezi kujua. Zinajua zinapotaka.

NTSB ililijua tatizo hili kabla ya ripoti yake ya mwisho. Mwaka 2019 iliiambia California itafute kwa nini ukarabati unachelewa na iweke mpango wa kurekebisha. Na haikuwa mara ya kwanza. Barabara ya 85 ina ncha mbili zinazokutana na 101, moja Mountain View, nyingine San Jose. Januari 2016, kwenye ncha ya San Jose, basi la Greyhound lilipanda juu ya kizuizi cha aina hiyohiyo ya kazi, gizani, mvua ikinyesha. Abiria wawili walikufa. Wachunguzi walikuta alama ya kuakisi mwanga iliyopaswa kuwa mbele ya kizuizi haipo. Barabara ileile, ncha zake mbili, miaka miwili, na mara zote mbili kitu kilichopaswa kurudishwa hakikuwa kimerudishwa.

Msomaji wa Morogoro au Nakuru ataniuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu vizuizi vya aina hii vitakuja. Barabara za njia nne na za kulipia zinajengwa, na wakandarasi huja na vitabu vya viwango kutoka nje. Sisi bado tuna kingo za kawaida za chuma, nazo pia hufanya kazi kwa kupinda. Anayeshuka mlima Kitonga kwa basi anaweza kujionea zile zilizopindwa na malori. Kingo iliyopinda hapo si ukumbusho wa ajali iliyopita tu, ni pengo linalosubiri lori lijalo. Nyingine hazikupinda, zimefunguliwa boliti usiku na kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha biashara hiyo kwa miezi michache mwaka 2022, japo kilichomsukuma Rais Kenyatta kilikuwa minara ya umeme iliyohujumiwa na nchi kuingia gizani. Mapipa ya Fitch hapa kwetu yangekuwa na taabu ya pekee: pipa safi la plastiki lenye mfuniko, likiachwa barabarani, lingekuwa mgahawani linahifadhi maji kabla ya wiki kwisha. Mchanga ungeachwa.

Kwa hiyo siku mzabuni atakapoleta kizuizi chake chenye cheti na video ya gari likisimama kwa upole, maswali ya kumuuliza si ya kasi wala pembe. Hayo yameshajibiwa uwanjani. Aulizwe kikigongwa usiku wa Ijumaa huko Mau Summit, ni nani atakayejua kwanza, na kwa namba ipi ya simu. Aulizwe vipuri viko Mombasa au viko kwao. Aulizwe mafundi wangapi wa hapa wameshakikunjua kwa mikono yao, si kwa kutazama mafunzo kwenye skrini. Jibu liandikwe kwenye mkataba kwa saa, siyo kwa neno "mapema iwezekanavyo", na kila saa inayozidi ikatwe kwenye malipo yake. Tayari tunayo mikataba ya matengenezo ambayo mkandarasi hulipwa kwa hali ya barabara badala ya idadi ya kazi alizofanya. Mashimo yana muda wa kuzibwa, nyasi zina urefu usioruhusiwa kuzidi. Kizuizi kilichobonyea kiingizwe kwenye jedwali hilohilo, juu ya nyasi, na mpaka kitakapokunjuliwa pawekwe koni, taa na mtu wa kuzilinda, kwa gharama ya huyohuyo mkandarasi.