Bima na leseni zawabana wasafirishaji huru wa miraa na muguka

Pikapu zinazobeba miraa kutoka Maua na Kangeta, zikapitia Meru, Nkubu na Chuka hadi Embu na hatimaye Nairobi, zimefahamika kwa miaka mingi kwa mwendo wake wa kasi. Lisilofahamika sana ni hali ya kisheria ya wanaoziendesha. Baadhi yao si waajiriwa wa kampuni yoyote. Dereva ndiye mwenye gari, naye hubeba mizigo ya wafanyabiashara kadhaa kwa safari moja, aghalabu bila mkataba wa maandishi.

Hapo ndipo utata wa bima unapoanzia. Kampuni za bima nchini hutofautisha gari la kibiashara linalobeba mali ya mwenyewe na lile linalobeba mizigo ya wengine kwa malipo. Ada ya aina ya pili huwa juu zaidi, na kishawishi cha kununua ile ya kwanza ni kikubwa. Polisi akikagua kibandiko kiooni ataona tu kwamba gari lina bima. Siku ya ajali ndipo maswali huulizwa, na ikibainika kwamba mzigo ulikuwa wa wateja watano, kampuni hupata sababu ya kukataa kulipa.

Kuna pia suala la watu. Sheria ya bima ya lazima, Sura ya 405, hulenga hasa kumlinda mtu wa tatu barabarani. Mfanyabiashara anayejipandisha garini ili kulinda muguka wake kutoka Siakago huenda asiwe na kinga yoyote. Muguka wenyewe, unaoharibika upesi, huhitaji bima nyingine kabisa.

Kwa upande wa leseni, historia inaeleza mengi. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka vidhibiti mwendo katika magari ya abiria na yale ya kibiashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 bila mzigo. Pikapu ya kawaida haifikii uzito huo. Pengo hilo liliwafaa wasafirishaji wa miraa, lakini si ajabu kwamba watoa bima huwatazama kwa jicho la shaka.

Kanuni za mwaka wa 2014 kuhusu magari ya abiria ziliwalazimu wenye matatu kujiunga na chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30 kabla ya kupewa leseni na Mamlaka ya NTSA. Mwenye pikapu ya mizigo hakufungwa na sharti hilo. Kwa hivyo amebaki peke yake mbele ya mkaguzi wa magari, wakala wa bima na watoza ushuru wa kaunti anazopitia. Mnamo Mei 2024, kaunti kadhaa za Pwani zilipopiga marufuku muguka kabla ya Mahakama Kuu ya Embu kusimamisha amri hizo, hatari iliyomkabili ilikuwa ya kukosa mizigo huku ada ya bima ikiwa imekwisha kulipwa.

Vyama vya mizigo vingeweza kuwapa nguvu ya kujadiliana na kampuni za bima kwa pamoja. Hata hivyo, baadhi ya vyama vya matatu viligeuka kuwa vya kukodisha jina tu, na kampuni zilizotegemewa na sekta hiyo nazo zimeyumba: Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2011, nayo Invesco ikaingia katika ufilisi mwaka wa 2024.

Hata kampuni inapolipa, sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mwathiriwa. Mahakama ikiamua fidia iliyo juu ya hapo, salio humwangukia mwenye gari, ambaye pengine mali yake ya pekee ni pikapu iliyokwisha kuharibika.