Petroli kwenye chupa ya maji, na pikipiki ya babu uani

Nianze kwa kukiri kosa, mzazi mwenzangu. Chupa ile niliiweka mimi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Juni mwaka huu, nyumbani kwetu Ilomba hapa Mbeya. Mwenzangu alikuwa uani anasafisha kabureta, mikono yake imejaa mafuta, akaniomba nimsogezee petroli iliyobaki isije ikapigwa teke. Nikaichukua, nikaiweka barazani juu ya kigoda, nikarudi jikoni kuangalia ndizi zisiungue. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kizibo cha bluu, karatasi yake bado imebandikwa. Hazikupita dakika tano nikasikia binti yetu wa miaka miwili na nusu anakohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nilipotoka, kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa na kinanuka kituo cha mafuta.

Nimeandika habari za afya kwa miaka mitano. Nimewahi kuandika kwenye ukurasa huu huu kuhusu watoto na mafuta ya taa. Na bado neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "maziwa!" Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Iringa, tayari alikuwa ameshika kikombe. Kila nyumba ninayoijua inaamini maziwa yanakata sumu.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliyesikia kelele akaja na khanga yake ya jikoni. "Mama, samahani, weka hicho kikombe," alimwambia mama mkwe kwa heshima zote, kisha akanigeukia mimi bila heshima yoyote. "Na wewe usimtie kidole. Mvue hilo gauni, mwoshe kifua kwa maji na sabuni, mkalishe wima, twende hospitali. Na chupa uibebe."

Sababu ni hii, na naomba uisome mara mbili. Petroli na mafuta ya taa hatari yake kubwa kwa mtoto haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Ni vimiminika vyepesi mno, vinateleza kwenye njia ya hewa kuliko maji. Mtoto akimeza kidogo tumbo linaweza kuvumilia, lakini akitapika, yale mafuta yanapita kooni mara ya pili na yanapata nafasi nyingine ya kuingia kwenye mapafu, ambako yanaunguza na kuleta nimonia ya kemikali. Ndiyo maana hatumtapishi. Na ndiyo maana hatumpi maziwa, mafuta ya kula wala mkaa uliosagwa, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kumchochea atapike.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtoto anaweza kucheza vizuri kabisa saa ya kwanza, halafu akabadilika baadaye. Kwa hiyo hata akionekana mzima, apelekwe akaangaliwe. Njiani mtazame pumzi zake. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akiwa ametulia, ukahesabu kwa dakika nzima ukapata pumzi 40 au zaidi, anapumua haraka kuliko inavyotakiwa. Kusinzia kusiko kwa kawaida na midomo kubadilika rangi ni dalili za kukimbia.

Hospitali daktari aliuliza mambo matatu: kameza nini, kiasi gani, saa ngapi. La kwanza tulilijibu kwa kumpa chupa. La pili sikulijua kabisa, maana sikumbuki ilikuwa imejaa kiasi gani nilipoiweka, na lile la saa nililikisia kwa ndizi zangu. Wakampima kiwango cha oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, wakampiga picha ya kifua, wakatulaza. Alikohoa mpaka usiku wa manane. Asubuhi akaomba uji, akaumwaga, akaomba mwingine. Sijawahi kufurahia shuka lililochafuka kama siku ile.

Sasa turudi kwenye pikipiki yenyewe, maana nisingependa mtu asome hadi hapa akadhani nilimwambia mwenzangu aitupe. Nilifikiria, siwezi kudanganya. Nikiwa pale wodini niliiuza kichwani mara nne kwa bei ya chuma chakavu.

Ni Honda CG 125 nyekundu ya baba mkwe. Mzee alikuwa bwana shamba, na kwa pikipiki hiyo alizunguka Kalenga, Nzihi, Kidamali na vijiji vingine vya Iringa tangu mwenzangu akiwa hajaanza shule. Ilipochoka aliiegesha kwenye ghala la mahindi, panya wakajenga ndani ya kisafisha hewa, na ikakaa hivyo miaka mingi. Mwezi wa nne mwenzangu aliipakia kwenye Fuso lililokuwa linarudi tupu Mbeya. Ilishuka uani kwetu ikiwa na kutu, tairi mbili zilizopasuka, na mbegu za mahindi ndani ya taa ya mbele.

Kwa nini ujisumbue na chuma kama hicho? Mimi niliuliza, nikajibiwa kwa darasa refu, nalifupisha. Honda walianza kuitengeneza CG 125 mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama yetu, wanaobeba mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha oili. Injini yake ni rahisi na inavumilia. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria kwenye barabara zetu ni wajukuu zake. Ndiyo maana mwenzangu huenda Mwanjelwa na kurudi na ringi, klachi au gasketi ya pikipiki ya Kichina, akaifunga kwenye Honda ya zamani, ikakaa.

Kuna faida nyingine ambayo mimi kama mtu wa nyumbani niliiona kabla yake. Shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri majibu. Kijana aliyekuwa anaamka saa nne asubuhi na kushinda kwenye simu akitafuta timu za kubetia alianza kuamka saa moja. Walipofunga kabureta mpya ya Kichina, plagi ikawa inatoka nyeusi kama imepakwa masizi. Fundi mmoja akamweleza kuwa Mbeya tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi hewa, kwa hiyo aweke jeti ndogo. Jioni hiyo alinieleza habari ya oksijeni na miinuko kwa furaha ambayo walimu wake wa fizikia hawakuwahi kuiona.

Kwa hiyo pikipiki ilibaki. Kilichobadilika ni ua, na mabadiliko yalianzia kwenye chupa. Petroli ile niliinunua mimi kwenye kibanda cha barabarani, na iliingia nyumbani tayari ikiwa kwenye chupa ya maji. Wengi wetu tunanunua hivyo. Sasa tuna kidumu cha lita tano kilichopakwa rangi nyekundu, kinachojazwa kituoni, kinachokaa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, nje ya nyumba, kivulini, mbali na jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini usiuone mpaka ukutane na moto, na wakati wa baridi ya Juni majiko yetu yanawaka tangu alasiri. Kidumu, kufuli na rangi havikufikia nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi hospitali siku ile. Maji ya betri nayo, yale ya tindikali, yamehamia humo humo. Yakimrukia mtoto jichoni au mwilini, ni kumwagia maji safi mengi bila kukoma, walau dakika 20, kisha hospitali.

Baada ya hapo nilikaa uani wikiendi nzima na kikombe cha chai, nikitazama wanaume wawili wanavyofanya kazi, kwa jicho nililopaswa kuwa nalo tangu Aprili. Niliona mengi. Shemeji alifungua gurudumu la nyuma, akainamia ngoma ya breki na kupuliza vumbi kwa mdomo, fuu! Breki za pikipiki za miaka ile nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na madhara yake, saratani ikiwemo, huja baada ya miaka mingi. Tukakubaliana kuwa vumbi la breki linafutwa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kinafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Rangi ya tenki nayo walikuwa wanaikwangua kwa msasa mkavu mita mbili kutoka kwenye kamba ya nguo za mtoto. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto mdogo kwa kiasi kidogo sana. Msasa wa maji unafanya kazi ile ile bila vumbi, ila tope lake nalo lisiachwe pale mtoto anapochezea.

Lililonitisha zaidi ni cheni. Pikipiki imesimama kwenye stendi mbili, injini inawaka, gia imeingia, gurudumu linazunguka hewani, na kijana anashika tambara kufuta cheni. Tambara likinaswa kwenye sproketi, vidole vinafuata. Muulize daktari yeyote wa mifupa. Zima injini, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na kwanza hakikisha mtoto hayupo upande wa pili, kwa sababu vidole vidogo vinapenda vitu vinavyozunguka.

Halafu likaja la baridi. Usiku wa Mbeya mwezi Juni mnaujua. Wakataka kuingiza pikipiki stoo, wafunge mlango, wawashe injini waisikilize. Hapo sikubembeleza mtu. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu wazima kabla hawajajua kinachowasumbua. Stoo yetu inapakana na chumba cha mtoto. Wakavaa makoti, wakaisikilizia nje.

Kwenye urembo ndiko tulikogombana. Shemeji alitaka ekzosi itobolewe ingurume, siti irefushwe ikae abiria wawili, na taa za rangi chini ya tenki. Taa nilikubali, sina ugomvi na taa. Siti ndefu nilikataa kwa sababu siti huita watu: ukiwa na nafasi ya watatu, siku ya mvua mtapanda watatu. Na ekzosi, badala ya kuitoboa, niliomba ifungwe bati la kinga. Kwenye Honda hii bomba linapita kulia, na watoto wengi wa mtaani kwetu wana alama ile ile ya kuungua ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti. Akiungua, ni maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mafuta ya kula viacheni jikoni.

Mwenzangu alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza swali lililokuwa linamsubiri tangu Fuso lishushe mzigo: binti atapanda lini? Kanuni za bodaboda zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, akaniambia, lakini hii si bodaboda, ni ya nyumbani. Nikamjibu kuwa fuvu la mtoto halijui tofauti hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kofia ngumu inapunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Lakini hiyo ni kofia inayokaa sawa na kufungwa kidevuni. Niliizungukia Mwanjelwa yote nikitafuta ya kichwa cha miaka miwili na nusu, nikakuta za watu wazima tu, ambazo kwake zinazunguka kama sufuria. Hajapanda. Mwenzangu anasema nazidisha, na suala hilo bado liko mezani kwetu mpaka leo.

Wiki mbili zilizopita baba mkwe alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Iringa. "Kamwene," alitusalimia, tukaitika, akapita moja kwa moja uani bila kunywa chai. Aliizunguka Honda yake mara mbili, akagusa tenki, akagusa bati la kinga, akauliza hili nalo ni la nini. Binti yetu akamjibu kabla yetu: "Moto, babu. Usishike." Mzee akatoa mkono wake haraka. Akapiga kiki mara tatu, ya tatu ikawaka, na mtoto akakimbilia kwangu ameziba masikio.