Tahadhari: Vidonge vya presha visitiwe machoni mwa mtu wala mwa mbuzi

Wababa na wamama wafugaji, nanyi wenye maduka ya dawa kuanzia Kasongo, Wamaza hadi Kabambare: msisage kidonge cha presha, kiwe propranololi, nifedipini au kaptoprili, mkakitia jichoni. Si kwa mbuzi, si kwa mbwa, si kwa mtoto wala mzee.

Kishawishi kipo, maana habari kwamba dawa ya presha hutibu jicho ina chembe ya ukweli. Mwaka 1967 watafiti walieleza kwamba propranololi ilishusha presha ya jicho kwa wagonjwa wa glaukoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho. Tangu hapo dawa nyingi za presha zimejaribiwa machoni mwa sungura, na mwaka 1978 matone ya timololi, dawa ya jamii moja na propranololi, yakaruhusiwa Marekani. Lakini matone hayo hutengenezwa bila vijidudu, kwa kipimo ambacho jicho linakistahimili. Kidonge kilitengenezwa kwa ajili ya tumbo. Kina unga wa kukigandisha usioyeyuka wote, na chembe zake hukwaruza kioo cha jicho.

Propranololi ina hila nyingine: hutia jicho ganzi. Mbuzi aliyekuwa akifumba jicho kwa maumivu atalifumbua, mwenye mbuzi atashukuru kwamba amepona, kumbe kidonda kinaendelea kuchimba.

Tena jicho la mbuzi likiwa jekundu, likatoa machozi, kisha likafunga ukungu mweupe, mara nyingi si presha ya jicho hata kidogo. Ni maambukizi yanayosambazwa na inzi na kwa kugusana. Mtenge na wenzake, mweke kivulini, umwite veterineri. Kwa kawaida hutibiwa kwa tetrasiklini.

Kwa binadamu hatari haiishii jichoni. Dawa hufuata njia ya machozi hadi puani, ikaingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Tone la timololi ya asilimia 0.5 lina takriban robo miligramu tu, na matone machache yamewahi kuwabana pumzi wenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Seuze kidonge kilichosagwa bila kipimo!

Ikiwa dawa imeshaingia, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa robo saa au zaidi. Usilisugue. Nenda kituo cha afya na pakiti ya dawa mkononi. Mgonjwa akibanwa pumzi, akizimia au mapigo yakienda polepole, usingoje kupambazuke.

Mwenye glaukoma aliyeandikiwa matone na daktari asiyaache. Akishatia, afumbe jicho na kubonyeza pembe yake ya upande wa pua kwa dakika 2, dawa isishuke.

Wauzaji, mteja akitaka kidonge cha kutia jichoni, msimuuzie; mwelekezeni kwa muuguzi au veterineri. Mashehe, wachungaji na watangazaji wa redio, lisomeni onyo hili wiki hii hii.