Nuru ya Atomu na Jiwe la Liganga

Katika vilima vya Liganga, Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, yako mawe meusi mazito yanayovutwa na sumaku. Wengi huyaita chuma, wala hawakosei. Lakini ndani yake mna pia titani na vanadi. Titani hutumika katika rangi nyeupe na katika sehemu za ndege. Vanadi kidogo ikichanganywa na chuma cha pua hukiongezea nguvu. Jicho halioni ila jiwe jeusi. Elementi hizo hutambulikana vipi? Njia mojawapo ni kuzifanya zitoe nuru.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni ya atomu ya hidrojeni hukaa katika ngazi maalumu za nishati. Neno letu “kidato” lafaa sana hapa. Hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili na nusu. Vivyo hivyo, elektroni haina pa kusimama baina ya vidato viwili vya nishati. Ikipewa nishati ya kutosha hupanda; ikishuka huweza kutoa tofauti hiyo kama nuru. Katika hidrojeni, kidato cha tatu ni elektronivolti -1.51 na cha pili ni -3.40. Tofauti yake, 1.89, ndiyo nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.

Kila elementi ina vidato vyake. Atomu ya titani ina elektroni 22, ya vanadi 23, na ya chuma 26. Protoni moja na elektroni moja zikiongezeka, mpangilio wote wa vidato hubadilika, na mistari ya nuru pia. Kwa hiyo maabara huweza kuyeyusha unga wa jiwe, kuunyunyiza katika gesi ya arigoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, na kuisoma mistari hiyo. Mahali pa mstari hutaja elementi. Ukali wake husaidia kukadiria kiasi.

Yasikitisha, basi, kwamba mara nyingi somo hili hufundishwa kama hesabu tupu. Mwanafunzi hukariri -13.6 ya hidrojeni bila kuona mstari hata mmoja. Hoja ya kwamba vifaa hakuna haitoshi. Kipande cha CD kuukuu, kikitiwa katika boksi lenye ufa mwembamba, huitawanya nuru. Taa ya tyubu yenye mvuke wa zebaki itaonyesha mstari wa kijani wa nanomita 546. Balbu ya waya itaonyesha rangi zote bila kukatika. Chumvi katika mwali wa spiriti itatoa manjano ya sodiamu, nanomita 589. Wanafunzi na wagawe 1240 kwa 589: watapata elektronivolti 2.1, yaani kimo cha kidato kimoja cha atomu. Ila wasilielekeze boksi hilo kwenye jua.

Baada ya kuona, kanuni ije. Jambo hili si la mtihani peke yake. Mwenye mali asiyeweza kuipima hupimiwa na mnunuzi, naye aliyeambiwa kwamba jiwe lake ni chuma tu ataliuza kwa bei ya chuma tu. Wapimaji wa madini yetu wa kesho wamo madarasani leo, Ludewa, Njombe na Makambako. Tuwaonyeshe nuru hiyo kabla ya kuwaandikia kanuni yake ubaoni.